Shangazi Kaandikwa Tajiri

— Elfu thelathini! Elfu kumi wewe, elfu kumi wewe, na elfu kumi wewe unayejificha nyuma ya gazeti. Sipunguzi.

— Shangazi, teremsha sauti, watu wanasikia.

— Wasikie! Mlipokuwa mnaniingizia friji chumbani mlijali nani anasikia?

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao, limebanwa kati ya meza yangu ya kushonea viatu na mlango wa Shangazi, muuza kahawa. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila ukinywa kahawa ya mtu kwa mkopo miaka yote hiyo, adabu inakutaka umtafutie undugu. Mume alishafariki, analea wajukuu watatu, na birika lake ndilo shamba lake. Benchini wako watatu wa kudumu. Waziri aliwahi kulinda geti la ghala la chakula cha msaada, na tangu hapo anajua siri za dunia nzima. Kinyozi ana kibanda chake ng'ambo ya barabara, lakini wateja humfuata huku. Na Semina hajakosa mkutano wa mradi wowote uliopita hapa; hana fulana isiyo na maandishi. Siku hiyo kifua chake kiliandikwa TOKOMEZA NJAA, na kitambi kilikuwa kimelivuta lile neno NJAA likawa pana kuliko mwenzake.

Kisa chenyewe nakieleza kilivyo, maana mimi sijui kupaka mambo mafuta. Ulikuja mradi wa kutoa elfu thelathini kila mwezi kwa kila nyumba isiyo na kitu. Lakini kwanza angepita binti wa kuhesabu vitu. Ukikutwa na televisheni, umepungukiwa umaskini. Ukikutwa na friji, umepungukiwa zaidi. Ukikutwa na kochi, rudi kalale juu yake, wewe ni tajiri. Basi hawa mabwana watatu, kabla jua halijachomoza, wakabeba televisheni ya Kinyozi, kochi na feni ya Semina, na friji ya Waziri, ambayo haijapoza kitu tangu ainunue na huwa anatunzia nguo. Vyote wakavificha kwa Shangazi. Kwa nini kwake? Kwa sababu chumba chake kilikuwa na nafasi. Na kwa nini kilikuwa na nafasi? Hilo hawakujiuliza.

Mpango ulikuwa binti aanzie juu ya mtaa, na vitu vihame tena kabla hajafika huku. Lakini ndara yake ikakatika mbele ya meza yangu. Nikawa naishona, naye asipoteze muda akabisha mlango wa jirani. Akawakuta wajukuu watatu wamejipanga kwenye kochi, feni inawapepea, televisheni inawaka.

— Si vyangu, Shangazi akamwambia.

— Mama, mtaa wa jana wote walisema hivyohivyo, binti akajibu, akabonyeza kishikwambi chake.

Shangazi hakutaja vya nani. Alikuwa ameahidi. Mimi binti aliponigeukia nilimwambia wazi: cherehani hii ya ngozi ni yangu. Akaniandika kwamba nina mtaji, sistahili. Sawa. Nilisema kweli nikanyimwa, hayo ni kati yangu na cherehani. Lakini jana simu tatu zimelia benchini, pesa zimeingia, na simu ya Shangazi ikakaa kimya kama jiwe.

— Jana wajukuu wangu wametazama kipindi cha mapishi mwanzo mpaka mwisho, Shangazi akasema. Wameona kuku anageuzwa. Halafu wakalala na chai ya rangi.

Semina akakohoa.

— Shangazi, tatizo lako wewe si njaa. Tatizo lako ni kwamba mfumo umekulenga vibaya.

— Mfumo ndio ulioleta kochi?

— Kochi ni dalili tu. Tunapaswa kushughulikia chanzo.

— Chanzo kimevaa fulana, nikasema.

— Wewe shona, fundi. Mambo ya sera hayashonwi.

Kinyozi akaingilia kwa methali, kama kawaida yake, akiishika pasipo na mpini:

— Wahenga walisema, nyumba njema si mlango.

— Ndiyo, ni kuingia ndani, Shangazi akamkata. Binti aliingia ndani, akaikuta televisheni yako!

Waziri akakunja gazeti. Waziri akikunja gazeti, ujue anataka kuhutubia.

— Nyinyi hamuijui hii kazi. Mimi nimekaa getini, nimeona magunia yakiingia, nimeona wazito wakishuka. Njaa ni ajira, bwana. Njaa ikiisha leo, madereva wangapi watalala njaa? Wapishi wa semina je? Kwa hiyo wenyewe wanahakikisha inabaki kidogo kila mtaa, kama mbegu.

— Na mbegu ya mtaa wetu ndiyo mimi? Shangazi akauliza.

— Ungejisikia vizuri. Si kila mtu anachaguliwa.

— Acha uongo, akasema Kinyozi. Binti na kishikwambi chake ni geresha tu. Mambo yote yanapimwa kutoka juu angani. Wanapiga picha ya vivuli. Kivuli chembamba, pesa inaingia. Kivuli kinene, imekula kwako.

— Basi Semina alipataje?

Wote tukakitazama kitambi.

— Siku ile kulikuwa na mawingu, akasema Semina.

— Kumi, kumi, kumi, akasema Shangazi.

— Kutoa ni moyo, Shangazi, Waziri akamtuliza. Mimi moyo nimeshatoa.

— Mwenye duka la unga hapokei moyo.

— Basi ngoja, Waziri akaendelea. Tumsaidie, jamani, ni wetu. Ila tusimsaidie kiholela. Maskini ukimpa pesa mkononi unamharibu.

— Wewe jana umepewa mkononi, nikamkumbusha.

— Na huoni nilivyoharibika? Kwa hiyo tuunde kamati. Fedha iliyopo ni elfu thelathini. Mimi mwenyekiti, posho elfu saba. Semina mwezeshaji, elfu saba. Kinyozi mhazini, elfu sita.

— Kwa nini mimi sita? Kinyozi akang'aka.

— Huna fulana. Usafiri wa kumfikia mlengwa, elfu nne.

— Mlengwa niko hapa! Shangazi akapiga kelele. Goti langu linagusa goti lako!

— Usafiri ni usafiri, mama, lazima uwepo. Tathmini, elfu tatu. Bango, elfu mbili na nusu.

— Bango la nini?

— La kuonyesha kwamba umesaidiwa. Utasaidiwaje gizagiza? Inabaki mia tano, yote yako.

— Mia tano!

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Semina, akitikisa kichwa kwa hekima. Ila na yeye achangie, ili ajisikie mradi ni wake. Kama elfu moja hivi.

Nilikuwa na nyundo mkononi. Nikaiweka chini, maana najijua.

Shangazi hakugombana tena. Akasogeza birika, akausukuma mlango wa chumba chake mpaka ukagonga ukuta, kila kitu kikaonekana hadi barabarani.

— Haya. Kama hamna elfu kumi kumi, chukueni vyenu. Sasa hivi.

Hapo ndipo benchi lilipotikisika.

— Hapana, Shangazi, hapana! Wakaguzi wa mradi bado hawajapita!

— Wakitukuta tumebeba, majina yanafutwa.

— Na za jana tunazirudisha!

— Halafu, akasema Kinyozi, akishusha sauti mpaka sote tukainama, siku hizi mkaguzi haji na gari. Wanamtuma mtu wa kawaida kabisa. Anakuja, anakaa, anaagiza kahawa, anauliza swali moja dogo. Ukijibu tu, umekwisha.

— Nani kakuambia?

— Mteja mmoja mgeni. Nilikuwa namnyoa.

— Na je, kama huyo ndiye alikuwa mkaguzi?

Kinyozi akafikiri. Rangi ikamtoka.

— Nilimwambia arudi kesho, nitamnyoa bure.

Wakati huohuo akatokea kijana ambaye hakuna aliyemjua. Akatusalimu shikamoo sote kwa heshima, akavua buti la mguu mmoja, akanipa.

— Fundi, soli imeachia. Mama, nipatie kahawa.

Akakaa mwisho wa benchi, mguu mmoja na soksi. Waziri akainua gazeti, juu chini. Shangazi akamimina. Kijana akapuliza kikombe, akanywa, macho yakamwendea mlangoni, yakakaa huko.

— Samahani, wakubwa. Ile televisheni humo ndani ni ya nani?

Semina akatazama angani, labda kuangalia kama kuna mawingu.

— Naulizia tu, kijana akaendelea. Na lile kochi, na friji. Nimehamia nyumba ya nyuma juzi, chumba ni kitupu, na leo nimelipwa. Ni vya nani?

Buti lake nilikuwa nalo mkononi. Limeganda saruji mpaka kwenye kamba. Huyo alikuwa fundi mwashi, hana ukaguzi wowote. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mambo ya sera niliambiwa hayashonwi.

— Mali yote ni ya Mungu, Waziri akasema kutoka nyuma ya gazeti, kwa sauti ya mgonjwa.

— Amina. Basi nielewane na mwenye chumba? Mama, friji unauzaje?

— Humo mna nguo... Waziri akaanza, kisha akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

— Na televisheni?

Kinyozi akamtazama Shangazi kama mtoto anayetazama sindano.

Shangazi akafunika birika. Akajifuta mikono kwenye kanga, taratibu, mkono huu, kisha ule. Akaligeukia benchi, akanyoosha kiganja.

— Kumi. Na kumi. Na kumi. Wekeni hapa.