Rangi na Kurasa Nne za Mwisho

Ndugu waombolezaji, mimi ni kaka mkubwa wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake, naomba mnisikilize hadi mwisho, kwa kuwa tangu jana humu msibani yanasemwa maneno.

Dada yetu, ambaye wengi mlimwita Rangi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa tatu na kitinda mimba, katika ghorofa iliyo nyuma ya gereji ya mabasi. Alianza shule ya msingi mwaka 1996, akachora ukuta wa darasa kwa mkaa, mwalimu mkuu akamsuguisha mpaka ukatakata, kisha akampa brashi achore herufi kwenye darasa la watoto wadogo. Alipomaliza sekondari mwaka 2007 aliandika mabango ya vinyozi, baadaye akachora vitabu vya wenzake, mpaka alipopata chake mwenyewe, hadithi ya watoto inayohusu msichana wa mjini anayechora kila panapomshawishi, kwenye ngazi, mapipa ya maji na milango ya maduka yaliyofungwa.

Mwaka 2015 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa lifti, wakajaliwa binti mmoja.

Januari mwaka huu alianza kuangusha brashi. Vipimo vilionyesha uvimbe kwenye ubongo, daktari akataka kumpasua mara moja, ila akatueleza kwamba mkono wa kulia huenda usirudi. Kitabu kilikuwa kimebakiza kurasa nne.

Hapa ndipo penye maneno. Inasemwa shemeji alimchelewesha mkewe kwa tamaa ya fedha za kitabu. Nilikuwepo sebuleni kwao. Shemeji alipiga magoti, akamwambia, "Mke wangu, twende leo, kitabu kitasubiri."

Rangi akajibu bila kuinua uso, "Kitasubiri mkono upi? Kaka, mwambie anyanyuke, ananizibia mwanga."

Tulicheka. Alimaliza kurasa zake, ukurasa wa mwisho akiuchora huku ameushikilia mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaingia hospitali kwa miguu yake, na tarehe 9 Machi akafariki katika chumba cha upasuaji. Iwapo angepona kama angewahi, daktari hakutuambia, nasi hatutamsemea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wachapaji waliozima mashine wakaja kutufariji.

Shemeji, umesimama kule getini tangu asubuhi. Mama anasema uje na binti yako, mkae hapa mbele, ubavuni kwake.

Dada, mikono yako imechoka, pumzika nayo kwa amani.