Mama Dalili Anaondoka, Nasi Hatujui Tuamini Lipi

Baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, muuguzi mkufunzi wetu, tuliyezoea kumwita Mama Dalili, anastaafu tarehe thelathini Juni. Nimeombwa mimi, mwalimu wa famasia, niandike wasifu wake, na sijui nianzie wapi, maana nimemwona akikata roho mara nyingi mno.

Alianzia wodini. Huko aliona jinsi wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia wanavyosomea majengo tofauti, kisha wanakutana mara ya kwanza mbele ya mgonjwa, kila mmoja akimtegea mwenzake. Akaomba stoo moja, akaigeuza wodi ya mazoezi, na mgonjwa akawa yeye mwenyewe. Tulimnyunyizia maji usoni yawe jasho, naye alihema hadi mhasibu aliyepita dirishani akakimbia kuita gari la wagonjwa. Mhasibu huyo hajatusamehe.

Kuna siku moja inanichanganya mpaka leo. Alijilaza kama kawaida, akasema anaumwa kweli. Tukatabasamu, kwani wagonjwa wake wote husema hivyo. Mwanafunzi wa udaktari akaendelea kutoa amri, wa famasia akabishana naye kuhusu dawa. Yule wa uuguzi, ambaye muhula mzima hakuwahi kumkatiza mtu, akamgusa mgonjwa paji la uso.

"Kaka, subiri," alisema. "Leo hatukumnyunyizia maji. Hili ni jasho."

Zoezi liliishia wapi, ugonjwa ulianzia wapi? Sukari ilikuwa imemshuka vibaya. Ubishi ukafa hapo hapo: mmoja akapima, mwingine akaandaa glukosi, wa tatu akatafuta mshipa, kila mmoja akimweleza mwenzake anachofanya. Mama Dalili akafumbua macho. Hata hajakaa sawa, akawapa alama za chini kwa kuchelewa kusikiliza, na sisi walimu akatunyima kabisa.

Alipotangaza kustaafu, alilia. Wengine tukacheka, wengine tukatoa leso, kisha tukabadilishana zamu. Wanasesere wa plastiki wameshaagizwa kushika nafasi yake, ila sijui nani atatusuta.

Asante, mama, kwa kutufundisha kusemezana. Nenda salama, ule kwa wakati, uwafaidi wajukuu. Na siku ukiwaambia watu wa nyumbani kwamba unaumwa, tunakuombea wakuamini mara ya kwanza.