Mama Hakuna, Mhesabu Nyangumi na Pomboo

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1958, mtoto wa nne wa fundi wa injini na mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya bandari. Mkunga alisema mtoto hamalizi wiki. Hakumsikiliza mkunga, na tabia hiyo tuliishi nayo miaka sitini na sita.

Alisoma sekondari ya wasichana, akasimamishwa kwa kumbishia mwalimu aliyefundisha kwamba nyangumi ni samaki. Alirudishwa darasani, mwalimu hakuombwa radhi. Mwaka 1982 alihitimu shahada ya sayansi ya bahari.

Mwaka 1983 aliajiriwa kwenye meli ya utafiti, na nahodha akampeleka jikoni. Siku hiyo hiyo chakula cha mabaharia wote kiliungua, akapandishwa sitahani na darubini yake. Nyumbani hakuwahi kuunguza kitu.

Aliolewa mwaka 1987 na fundi redio wa meli hiyo, marehemu baba yetu, aliyezoea kulalamika kwamba ameoa mke mmoja na nyangumi wote, na hakuna hata mmoja anayemsaidia kufua.

Kwa kuwa meli moja haiwezi kuwa kila mahali, mwaka 2005 alianza kuwafunza watu wa kawaida wa pwani: walimu, wastaafu, wakata tiketi wa feri. Kila asubuhi watazame bahari nusu saa, kisha wamtumie ujumbe. Ukiona, sema umeona nini. Usipoona, andika “hakuna”. Wengi waliona haya kutuma patupu. Aliwapigia simu mmoja mmoja akiwagombeza kwamba kutoona nako ni kazi, ndipo wakampachika jina la Mama Hakuna. Alipoomba meli zisiwagonge nyangumi, bosi wa bandari alisema watu hawa wanaona wanachotaka kuona; mama alimmwagia mezani zile “hakuna” zote, zimechapwa karatasini. Meli zikaamriwa kupunguza mwendo kwenye njia ya nyangumi. Bosi alinuna. Shauri yake.

Agosti 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Dirisha la wodi lilitazama ukuta. Watazamaji wake walimhurumia, wakapatana kumtumia habari njema: nyangumi na mtoto wake wameonekana. Akauliza walielekea wapi, nani mwingine aliwaona, picha iko wapi. Kila mmoja akasema aliyeona ni mwenzake. Akamwagiza binti yake awapigie.

“Waambie nakufa, sijawa mjinga. Wafute. Tukidanganya mara moja kwa huruma, yule bosi atasema tumedanganya miaka yote.”

Ikafutwa. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Machi 2025.

Ameacha binti, mtoto wa kiume, wajukuu watatu, dada yake, na watazamaji wake wote waliopo hapa.

Wapo waliotuomba tuseme leo kwamba nyangumi walikuja kumuaga. Hatusemi. Asubuhi hii binti yake alisimama gatini nusu saa, akifuta machozi ili aone vizuri, kisha akatuma ujumbe: “Hakuna.” Kesho atasimama tena.

Mama, pumzika kwa amani. Hesabu yako haiguswi.