Mlango wa Kimelea

Sogeeni wanangu, nyote wawili. Wewe, kaka mtu, zima hiyo redio, maana pumzi niliyo nayo haitoshi kurudia neno.

Nyumba hii ni yenu sawasawa, asije mtu akawagombanisha kwa vyumba. Shangazi yenu akidai kile kiwanja cha nyuma, mpeni. Amekililia tangu baba yenu yu hai, nami nimechoka kumwona amenuna.

Baba yenu alikuwa dereva wa maabara yetu. Alitupeleka porini kutega mbung'o, wakamng'ata yeye, akaanza kusinzia mezani mchana kweupe, kijiko kikiwa mdomoni. Malale. Dawa ya wakati ule ilikuwa kali mno, ikamuua kabla ya ugonjwa. Ndipo nilipoapa kutafuta dawa ya kuua kimelea cha malale na kumwacha mtu hai.

Kaka mtu, wewe hukusomea mambo haya, basi sikiliza. Ndani ya seli zetu, na ndani ya kimelea pia, mna mitokondria, tanuri la kuzalisha nguvu. Zamani za kale lilikuwa bakteria anayejitegemea. Akamezwa, asife, akabaki humo humo. Siku hizi protini zake karibu zote hutengenezwa nje yake, zikapitishwa mlangoni mwake. Mlango wa kimelea haufanani na wetu. Nikasema huo ulizuka kwao peke yao, tuuzibe, wafe wao. Mwenzangu, yule mnayemwita Bi Miwani, akanijibu mbele ya watu: "Dada, mlango huo umebadilika tu njiani. Ni ndugu wa mlango wetu. Ukiuziba huo, umeziba na wako." Nilitoka ukumbini bila kumuaga.

Dawa yangu iliua vimelea kwenye kisahani, tukashangilia, wewe binti ukanikumbatia na glavu zako mikononi. Tukawapa panya. Asubuhi tuliwakuta chali wote, wagonjwa kwa wazima. Nikaigeuza dawa, nikaigeuza tena, na kila mara panya alikwenda pamoja na kimelea chake, mpaka wafadhili wakachoka, maabara ikafungwa, na malale nawaachia kama nilivyoyakuta.

Usinibembeleze, binti yangu. Usiniambie "Mama, bado." Bado nini? Hadubini ni yako, ichukue. Nenda ukafanye kazi kwa Bi Miwani, yeye ndiye aliyejua mlango ule umetoka wapi. Mimi sijamsamehe, wala usimpelekee salamu zangu, lakini nenda.

Kaka mtu, mwangalie dadako, hali chakula akiwa na kazi.

Nizikeni kando ya baba yenu, bila hotuba. Watu wakija msiwaambie nimepumzika. Waambieni nimekufa sijaipata dawa.

Radhi zangu mnazo, wanangu... nyote... Mungu awa... shikaneni, msi... Huu mkono ni wa nani?