Injini Iliyolazwa kwa Watu

Wasikilizaji wapendwa, mwadila. Weka jembe chini kidogo, sogea karibu na redio. Leo tunamkumbuka Luhaga Masalu, fundi wa injini za boti, mkazi wa Bariadi mjini.

Ndiyo, umesikia vizuri. Fundi wa boti, Bariadi. Mji wa pamba na ng'ombe, ambako ziwa hulioni hata ukipanda juu ya paa la kinu cha pamba. Luhaga alifariki wiki mbili zilizopita kwa homa ya siku nne. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Muksini, mwenye duka la spea sokoni, alikuwa akimwona tu anaanza. "Mzee Luhaga, mawimbi yamekaaje leo hapo kwako?"

"Yametulia," Luhaga anajibu bila kusimama. "Ila kuna kambale mmoja kafungua duka, anauza plagi feki."

Watu wanacheka. Luhaga anasukuma baiskeli yake, anapita.

Ufundi hakuusomea chuo. Aliupatia kwenye mashine za kuchambua pamba, kwa kuungua vidole. Ndipo mwaka 2011 ikaletwa boti ya uokoaji kwenye mwalo mmoja wa wavuvi huko Busega, upande wetu wa ziwa. Boti ya injini mbili, kila moja nguvu za farasi mia tatu. Zilitengenezwa ng'ambo, na kampuni ya magari. Kampuni ya magari, wasikilizaji, shikeni neno hilo.

Siku ya kukabidhi kulikuwa na turubai, ngoma na hotuba. Sisi wengine tulikuwepo, tukapiga makofi. Na tulikuwa tunakumbuka! Tunakumbuka matrekta yaliyopokelewa kwa ngoma hizo hizo, leo kuku wanatagia humo. Tunakumbuka pampu za visima zilizokufa kwa kukosa mpira mmoja. Ila aliyesimama ni Luhaga peke yake. "Spea zitatoka wapi?" Akaambiwa, "Mzee, kaa chini, usituharibie sherehe."

Akakaa. Lakini injini akazitunza yeye. Mwezi wa tatu mmoja, upepo ulipopindua mtumbwi wa watu waliotoka mnadani, boti ile iliwatoa majini watu kumi na mmoja wakiwa hai. Watu kumi na mmoja. Luhaga alisimulia jambo hilo mara chache, na kila aliposimulia alianza na sauti ya injini.

Mwaka wa saba injini moja ikavunjika krankshafti, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Akatafuta spea Mwanza, akatafuta Dar es Salaam. Hakuna. Huko ng'ambo kampuni za magari zimehamishia akili na fedha kwenye magari ya betri. Injini kubwa za majini wanunuzi wake wachache. Luhaga akamwomba bintiye Winnie, anayefanya kazi Dodoma, amwandikie barua kwenye kompyuta. Barua ilikuwa na swali moja: "Je, mtaendelea kuwekeza kwenye injini za majini zenye nguvu, au mnaacha? Niambieni ukweli nijipange."

Wakajibu kwamba suala lake linafanyiwa tathmini. Akaandika tena. Tathmini. Barua tano, majibu matatu, neno lile lile.

"Kila Jumapili aliniuliza, 'Ng'wanawane, wamejibu?'" anasema Winnie. "Nikimwambia bado, ananiambia nimsomee tena barua yetu."

Kamati ya mwalo ikataka kuiuza injini mbovu kama chuma chakavu. Luhaga akawaambia, "Ng'ombe akifa, ngozi inabaki." Wakampa. Akaipakia kwenye lori lililokuwa linarudi kuchukua pamba, akaifungua nyumbani kipande kwa kipande. Injini iliyokufa ingelisha iliyo hai. Haukupita mwezi, wezi wa chuma wakavunja banda, wakabeba propela.

Hapo akamkumbuka baba yake. Sisi Wasukuma hatulazi ng'ombe wote zizi moja. Wengine tunawalaza kwa rafiki, kwa shemeji, mbali, ili maradhi au wezi wakiingia zizi moja ukoo usife njaa. Baba yake alipoteza zizi zima kwa ugonjwa, akabaki na wale tu aliowalaza Ipililo. Basi Luhaga akailaza injini. Akafunga kila kipande kwenye gunia la pamba, akakaza kwa mpira wa baiskeli, akavipeleka kwa watu. Nkoma kimoja. Kingine njia ya Lagangabilili. Vingine tusikokujua.

Mara mbili kwa mwaka alizunguka na baiskeli na chupa ya mafuta. Dada yake Felisita, wa Nkoma, anakumbuka. "Anasalimia, anaingia ghalani, anapaka mafuta chuma chake. Namwambia, kaka, kaa ule ugali. Anasema, 'Mayu, dada yangu, bado wengine hawajala.' Wengine! Vyuma!"

Mkewe alishatangulia. Winnie yuko mbali. Luhaga alipika kwa sufuria moja, akala akiitazama simu. Watu wa mwalo walimpigia injini ikikohoa. Ikipona, kimya. Hakuna aliyepiga kumuuliza amekula nini. Sisi nasi hatukupiga. Leo tunasoma jina lake redioni, sisi ndio mabingwa wa kuchelewa.

Na mila ile ina sharti. Mwenye ng'ombe hatangazi alikowalaza. Anayewatunza naye hasemi. Luhaga alishika sharti hilo, kwa vyuma kama kwa ng'ombe. Hakumwambia Winnie. Hakumwambia Muksini. Homa ikamchukua siku nne, na ramani ikaenda naye.

Wiki ya mazishi, boti ikakata moto. Imeharibika pampu ya dizeli. Pampu nzima ipo, Luhaga aliitoa kwenye injini mbovu, hilo watu wa mwalo wanalijua. Iko wapi? Felisita amefungua gunia lake, akakuta pistoni mbili. Boti imefungwa ufukweni mpaka leo, na mwezi wa tatu hauko mbali.

Siku ya tatu baada ya mazishi kampuni ilijibu. Safari hii haikusema tathmini. Imeacha kutengeneza injini za majini, na inamshukuru mteja wake kwa uvumilivu. "Niliposoma, nikashika simu nimpigie baba," anasema Winnie. "Namba yake ikatokea. Ndipo nikakumbuka."

Winnie, Bi Felisita, ukoo wote wa Masalu, poleni sana. Mungu ampumzishe fundi wetu. Na sisi tuliobaki tujiulize: mtu mmoja alikaaje peke yake na swali la watu wote?

Kisha inuka, ingia ghalani. Tazama nyuma ya magunia ya mahindi, chini ya kitanda cha bibi. Ni mzigo wa ukubwa wa kichwa cha mbuzi, umefungwa gunia la pamba, umekazwa kwa mpira wa baiskeli. Usiuuze kwa wenye mizani ya chuma chakavu. Usiogope kuvunja sharti, aliyekulazia amekufa. Hatakuja tena na chupa yake. Upake mafuta wewe, halafu uulete kwa Muksini, sokoni Bariadi.