Tekla Luvanda na Ghala Tulilolibomoa

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Msanifu Majengo Tekla Luvanda anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu kwa miaka thelathini na mmoja, kwanza hapa Iringa na mwisho katika tawi la Uyole. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake uchapwe kwenye ratiba, uwe mfupi na wa kuchangamsha. Nitachangamsha pale inapowezekana. Lakini nimefanya naye kazi tangu mwaka 2001, yeye akichora na mimi nikikadiria majenzi, na siwezi kuandika juu yake kana kwamba yaliyotokea Rujewa hayakutokea.

Tekla alizaliwa Ilula, kwa wakulima wa nyanya na vitunguu. Alisomea usanifu Dar es Salaam, na wenzake wengi wakabaki huko kuchora maghorofa. Yeye alirudi nyumbani. Alituambia alitaka kufanya kazi mahali ambapo akishachora nyumba ataweza kwenda kukaa jikoni kwa wenyewe, ale ugali wao, aone kama moshi unatoka.

Mapenzi yake yalikuwa kwa majengo yaliyokwisha kutupwa. Kazi iliyomtambulisha ilikuwa ya mabani ya tumbaku, zile nyumba ndefu za tofali za kukaushia majani, yaliyoachwa nje kidogo ya mji wa Iringa. Shule moja ya parokia ilikuwa na walimu wasio na nyumba, na ilitaka kuyabomoa mabani hayo ipate kiwanja. Tekla akawaomba wamwachie kuta. Akaweka sakafu ya mbao katikati, chumba cha kulala juu na sebule chini, akatoboa madirisha upande wa mashariki. Ule mfereji uliokuwa ukipitisha moto wa kukausha tumbaku akauunganisha na jiko, na mwezi wa Juni, Iringa inapoganda, walimu wakawa wanakanyaga sakafu yenye joto.

Masika ya kwanza unyevu ulipanda na kuta zikaanza kunuka tumbaku. Mwalimu Timotheo, mwimba kwaya ambaye hajawahi kushika sigara maishani, alikwenda ukweni na koti linalonuka, akahojiwa na mama mkwe mpaka jasho likamtoka. Tekla aliposikia alifunga safari mwenyewe mpaka kwa mama mkwe huyo, akabeba kipande cha tofali kwenye mkoba, akamwomba anuse. Ndoa ikatulia. Kuta zikapakwa chokaa mara mbili, na walimu wanaishi humo hadi leo.

Sasa nije Rujewa.

Kulikuwa na ghala kubwa la mpunga, mali ya chama kimoja cha wakulima, lililofungwa miaka mingi baada ya biashara kuyumba. Kuta zake zilikuwa nene, kenchi za mbao ngumu ziko juu, popo wamejaa. Mwaka uliofuata mafuriko makubwa, familia zilizopoteza nyumba bondeni zilikuwa bado zinalala madarasani. Mwenyekiti wa chama wakati huo, Mzee Asukile, alikuja ofisini kwetu akauliza kama watu wanaweza kuishi ghalani bila aibu. Nakumbuka alisisitiza hilo neno aibu. Hakutaka wakae kama mizigo.

Tekla alihamia Rujewa kabla ya kuchora chochote. Alipanga chumba sokoni, na kila siku akawa anakwenda kukaa na akina mama wa familia hizo, akiangalia wanapopenda kuketi wakipepeta mchele, upepo unapotokea, watoto wanapokimbilia jua likiwa kali. Aliporudi alikuja na ramani ambayo mimi, niliyezoea kukadiria nyumba za kawaida, niliigeuza huku na huku nikitafuta pa kuanzia kukadiria. Vyumba vilipangwa pande mbili, ukutani. Katikati aliacha njia pana yenye paa, kama mtaa ulio ndani ya nyumba, wa kuanika mpunga wakati wa mvua na kukaa jioni. Mbele mashine ya kukoboa ilirudishwa, ili wanaoishi humo wapate na kazi. Kila nyumba ilipewa kuta, mlango na nafasi ya dari juu yake, na hiyo dari ikaachwa wazi makusudi. Tekla alisema wenyewe watajua la kufanya nayo.

Na walijua. Mmoja akafanya dari yake kuwa karakana ya redio. Mwingine akaweka kitanda cha mama yake mzee, akamjengea ngazi yenye vipandio vifupi. Esnath, ambaye Rujewa nzima inamwita Mama Blessing, aliweka cherehani mbili juu na kufungua dirisha dogo la kushushia nguo kwa kamba, wateja wakiwa chini kwenye njia. Nilikwenda mara nyingi. Sijawahi kuona jengo ambalo watu wake wanalizungumzia kama ndugu.

Wageni walikuja kutoka vyuo. Ofisi yetu ikapata jina, na kazi nyingine zikafuata, Mbeya, Madibira na kwingineko. Tusijidanganye, jina hilo tulilipata kwa sababu ya ghala.

Mzee Asukile alifariki. Chama kikapata viongozi wapya, na viongozi wakapata mwekezaji aliyetaka kiwanja kwa ajili ya jengo la maduka. Ili kuwatoa wakazi, walihitaji mtaalamu aseme kwamba ghala ni hatari. Wakaja kwetu.

Tekla alitumwa kukagua. Alipanda mpaka kwenye kenchi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, akagonga kila boriti. Alirudi na jibu fupi: kuna ufa kona ya magharibi, unazibika, jengo ni zima. Kwenye kikao cha Jumatatu, mbele yetu wote, Mkurugenzi Adrian alimwomba alitazame upya suala hilo. Alisema mteja ana haraka, na kwamba jengo la zamani halikosi hatari ukiitafuta.

Tekla alimjibu kwa upole. "Nimeitafuta, Mkurugenzi. Haipo. Ukitaka iwepo, sahihi iwe ya mtu mwingine."

Mimi nilisema naafikiana naye, kwa kuwa nilikuwa nimekagua gharama za ule ufa. Niliambiwa kazi yangu ni kukadiria, si kutoa maoni. Akatafutwa mhandisi wa kukodi, jina lake tuliache, ambaye alifika Rujewa, akasimama nje, akapiga picha kona ya magharibi na kuondoka. Wakazi wanasema hakuvuka hata kizingiti. Maoni yake yalitoka na nembo ya ofisi yetu: jengo linaweza kuanguka wakati wowote, watu waondolewe.

Waliondolewa Oktoba 2023. Tekla alikwenda kwa pesa yake na likizo yake, akakuta vitanda viko barabarani. Mama Blessing alikuwa ameketi juu ya meza ya cherehani. Alimwamkia Tekla kama kawaida, kisha akamuuliza swali ambalo Tekla alinisimulia mara moja tu: "Mama, wewe ndiye uliyetuambia hapa ni kwetu. Sasa ofisi yako inasema tulikuwa tunalala ndani ya kaburi. Nimwamini nani?"

Tekla akamwambia ukweli, kwamba jengo ni zima na ofisi imesema uongo. Alilisema hilo hadharani, viongozi wa chama wakisikia.

Tingatinga lilianza kesho yake asubuhi. Naomba msomaji alisome hili taratibu. Jengo tuliloandika kwamba linaweza kuanguka wakati wowote lilishindana na tingatinga siku mbili nzima. Siku ya kwanza jino la mashine likavunjika. Ikabidi waite mashine ya pili. Watu wa Rujewa walisimama kando wakitazama ukuta wa hatari ukikataa kuanguka, na kila mmoja pale alielewa alichokuwa anakiona.

Tekla hakukaa kulia. Aliwakusanya mafundi na wakazi, wakawahi kuokoa kenchi, milango na tofali kabla malori hayajafika. Serikali ya kijiji jirani ikawapa banda la mnada wa ng'ombe lililokuwa halitumiki, na Tekla akalichora upya kwa likizo yake iliyobaki. Familia tisa zinaishi humo sasa, chini ya kenchi zilezile. Ya Mama Blessing ni mojawapo. Nyingine zimetawanyika. Yule mama mzee wa ngazi fupi alipelekwa kwa ndugu Madibira na hakumaliza mwaka.

Na kiwanja? Kimezungushiwa mabati. Mwekezaji hakurudi. Hakuna duka hata moja. Mbuzi wanaingia kwa upande wa nyuma.

Ofisi ilimlipa Tekla kwa namna yake. Alipotoka likizo alikuta amehamishiwa Uyole, chumba cha nyuma kinachotazama maegesho ya malori, kazi yake ikiwa kukagua ramani za uzio na vyoo. Mtu aliyefanya ofisi hii ijulikane aliwekwa kukagua vyoo. Hata huko hakufanya kazi ovyo. Waulizeni akina mama wa soko la Uyole, ambao kwa mara ya kwanza wana choo chenye mlango usiotazama barabara na mahali pa kutundika mkoba.

Mwaka jana tulishiriki maonesho jijini Mbeya. Kwenye banda letu ilitundikwa picha kubwa ya njia ya ghalani, mpunga umeanikwa, nguo zinashuka kwa kamba, na chini yake maneno "Makazi bunifu ndani ya majengo ya zamani". Jina la Tekla halikuwepo. Wala haikuandikwa kwamba jengo limebomolewa. Tekla alikuwa amesimama pale na sare ya ofisi, akigawa vipeperushi kama alivyoelekezwa. Mwanafunzi mmoja wa chuo, binti anayeitwa Faustina, akamuuliza wanaweza kulitembelea lini.

"Halipo tena, mwanangu," Tekla akamwambia. "Lilibomolewa kwa maoni ya ofisi hii."

Mkurugenzi alikuwa hatua chache kutoka pale, na wageni wake. Alisikia. Picha ilishushwa mchana huohuo, na Tekla hakutumwa kwenye maonesho tena.

Wiki iliyopita nilisoma rasimu hii mbele ya kamati. Nilishauriwa niondoe kuanzia Rujewa hadi Mbeya, nibakize mabani na mama mkwe. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Edmund, alisema sherehe ni siku ya kusameheana. Nilimweleza kwamba waliotolewa vitanda barabarani hawajaombwa msamaha na yeyote, kwa hiyo sijui sisi tunasameheana nini. Tukabishana karibu asubuhi nzima. Mwishowe Tekla mwenyewe akapigiwa simu, wakitumaini atanizuia. Alisikiliza, kisha akasema kama yaliyoandikwa ni kweli yachapwe, na kama kuna lisilo kweli aambiwe ni lipi. Hakuna aliyelitaja. Ndiyo maana unayasoma.

Basi kwa niaba ya wafanyakazi wa Iringa na Uyole, asante, Dada Tekla. Asante kwa nyumba zenye joto, kwa ngazi za wazee, kwa kutufundisha kuingia ndani ya jengo kabla ya kulitolea neno. Asante kwa sahihi uliyoinyima karatasi ya uongo, wakati ulikuwa umebakiza miaka michache tu ya kukaa kimya kwa raha.

Ijumaa, Mama Blessing na watu wa banda la mnada wanakuja na basi kutoka Rujewa. Kamati haikuwaalika. Nimewaalika mimi, na nimekwisha kuwapangia viti, mstari wa mbele, mkabala na meza kuu, ili Mkurugenzi akisimama kukusifu awe anawatazama wao.

Tunakuombea afya, mvua za wakati kule Ilula, na miaka mingi ya kuchora unachotaka. Pumzika, dada. Hasira tuachie sisi.

Zabron Mwasomola
Mkadiriaji Majenzi, Iringa