Kata ya Gozbert, Mhesabu Mbu wa Temeke

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yetu Gozbert, aliyezaliwa Kamachumu, Bukoba, tarehe 14 Machi 1908, akasoma shule ya misheni huko huko hadi mwaka 1926, hesabu akizipenda kuliko ndizi.

Mwaka 1929 alikuja Dar es Salaam pamoja na Revelian, mtu wa kwao, wakaajiriwa wote kupima mbu, yaani kuchota maji ya madimbwi na kuhesabu viluwiluwi, na watu wakawacheka kweli kweli. Tarehe 5 Mei 1934 alifunga ndoa na Demetria, Revelian akiwa msimamizi wake, wakajaliwa mabinti wawili, Auleria na Tekla.

Kikombe cha bati cha ofisi kilipotoboka, marehemu alichukua kata ya kifuu jikoni kwa Demetria, inayochukua maji mara mbili ya kikombe, akahesabu kwa kata hiyo miaka kumi na mmoja, masika na kiangazi, hata akaipata hesabu yake, kwamba si lazima mbu waishe wote, bali viluwiluwi vikishushwa kwa mafuta hadi sita kwa kata, homa hujifia yenyewe kama moto uliokosa kuni. Mwaka 1947 alimpa Revelian daftari amnakilie kwa hati nzuri, naye Revelian akalipeleka kwa wakubwa kwa jina lake mwenyewe, akapandishwa cheo, na mwenye hesabu akapunguzwa kazini. Jamani, kikulacho ki nguoni mwako, na jambo hili linatuuma hadi leo.

Aprili mwaka huu wa 1951 marehemu aliugua figo. Tarehe 2 Juni Revelian alifika, pole hakutoa, akauliza mbona hesabu inagoma kule Kipawa, ambako wanaacha kumwaga mafuta viluwiluwi vikishuka hadi sita kwa kikombe, na watoto bado wanazikwa. Demetria alimkonyeza mumewe anyamaze. Marehemu akasema, “Sita ni kwa kata, Revelian. Kwa kikombe ni vitatu. Watoto hawajanikosea.” Akamkabidhi na kata yenyewe.

Alifariki nyumbani, tarehe 9 Juni, saa tano asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani, hasa Bi Somoe aliyemkorogea uji kila siku, na wafanyakazi wenzake wote, akiwemo yule aliyeketi nyuma pale, ambaye tunamwomba, akishamaliza Kipawa, amrudishie Demetria kata yake.

Pumzika kwa amani, Gozbert, hesabu ni yako.